Ita Mara Mbili

Juzi nilifunga cherehani yangu mapema, nikapanda bodaboda kutoka sokoni Kasulu hadi kwetu Heru Juu, kwa sababu shule ilituita wazazi tukawatazame watoto wakifanya zoezi la majanga. Ni shule ileile niliyosoma mimi, na sasa mwanangu wa mwisho yupo hapo darasa la nne. Nisikufiche, nilikwenda shingo upande. Nilikuwa na sare za kwaya za kumaliza, na kwaya ikikosa sare siku ya Jumapili, lawama zote ni za fundi. Basi nikakaa kwenye benchi na wazazi wenzangu, nikatoa uzi na vifungo mkobani, nikawa nashona huku natazama kwa jicho moja.

Mwalimu, kijana ambaye ningeweza kumzaa, akapuliza filimbi. Watoto wakaingia chini ya madawati, kisha wakatoka na madaftari vichwani, wakajipanga uwanjani, wakahesabiwa. Mwalimu akatangaza kwamba mmoja hayupo, amefukiwa na kifusi. Kikosi cha darasa la tano kikaondoka kumtafuta. Walipofika nyuma ya darasa la mwisho, kiongozi wao akainua mkono, wote wakanyamaza, naye akaita jina la mwenzake. Akatulia kidogo, akaita tena jina lilelile. Ndipo wakakaa kimya kusikiliza.

Sindano ikanichoma kidole. Zoezi lilipokwisha nilimfuata yule mwalimu, nikamuuliza kwa nini watoto wanaita mara mbili.

"Kusema kweli, mama, hata mimi sijui," alisema akikuna kichwa. "Nilikuta ndivyo wanavyofanya hapa. Nilikotoka tulikuwa tunaita tu."

Nikamwambia haya, asante, nikarudi kukusanya vifungo vyangu. Lakini mimi najua. Mwito ule wa pili niliuleta mimi pale shuleni, na niliulipia kwa kandambili moja na mchana mzima ndani ya tanuru la matofali. Kaa nikusimulie, sare za kwaya zitasubiri.

Nililelewa na bibi, mama yake mama. Nyumba yetu ilikuwa chini ya barabara, ukuta wa tofali, paa la nyasi, na nyuma yake shamba la muhogo lililoshuka hadi kijitoni. Mchana kulikuwa na ugali wa muhogo na maharage yaliyotiwa mawese mpaka yakawa mekundu, na siku ya soko dagaa. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kumenya muhogo na kuuloweka, na kufukuza kuku kwenye muhogo ulioanikwa. Bibi alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Hakuwa bibi wa kukupakata na kukutolea hadithi. Akikupenda alikukemea, na mimi alinipenda sana.

Alikuwa na makatazo mengi. Mengine nimeyasahau, mengine nimeyavunja nikaona sikufa. Lakini lipo moja alilonipigilia kama msumari tangu sijajua kufunga kanga. "Mwana wanje," alisema, yaani mwanangu, kwa Kiha, "ukiitwa na mtu humuoni, nyamaza. Mtu ataita tena. Kisicho mtu hakirudii."

Kwetu ilikuwa ni sheria. Jirani aliyekuja kuomba moto alisimama nje ya ua akaita mara mbili, ndipo bibi akaitika. Wageni waliotoka mbali walimdhania kiziwi, au mwenye maringo, wakaondoka wamenuna. Yeye hakujali. Mimi mwenyewe niliwahi kuitika mwito wa kwanza, nikiwa kijitoni, na kumbe aliyeita alikuwa bibi, ananijaribu. Nilichapwa fimbo ya mguuni. Tangu siku hiyo sauti moja haikunitoa neno kinywani, hata iwe ya nani.

Sasa, nilipokuwa darasa la tano aliletwa mwalimu mgeni wa Maarifa ya Jamii, dada mmoja kutoka Lindi. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, kinateleza, na sisi tuliojifunzia Kiswahili shuleni tulimuuliza maswali ya uongo ili tu tumsikie akijibu. Baridi ya kwetu ilimtesa. Alivaa sweta mbili, na mikono yake ilikuwa daima imefichwa kwenye mikono ya sweta, ikitokeza chaki tu.

Walimu wengine walifundisha majanga kwa ubao: nakilini, karirini, tajeni manne. Yeye alituletea majanga yenyewe. Tulijaza udongo kwenye visanduku viwili, kimoja tukakipanda nyasi, kingine tukakiacha kitupu, tukaviinamisha na kumwagia maji kwa birika. Kile kitupu kilishuka chote hadi kwenye viatu vya mwalimu mkuu aliyekuwa anapita. Tukajenga kijiji cha maboksi ya kiberiti juu ya meza, kisha wavulana wanne wakashika miguu ya meza wakaitikisa, tuone nyumba ipi inaanguka kwanza. Ilianguka ya kundi letu, kwa sababu tuliipaka tope jingi mno ili ipendeze. Nilicheka hadi nikatoka machozi. Sijawahi kuipenda shule kama muhula ule.

Kisha likaja zoezi lenyewe la uokoaji. Watatu wangejificha kama watu waliofukiwa, wengine wangewatafuta. Mwalimu alitupa kanuni mbili, akatukaririsha mpaka tukaziota. Ya kwanza, fika mahali, ita jina mara moja, kisha wote kimya, hesabuni hadi kumi mkisikiliza. Alisema mwokoaji mwenye kelele hawezi kumsikia mtu anayekata roho. Ya pili, mkishatafuta mahali, pigeni msalaba wa chaki, ili mwingine asipoteze muda kutafuta pale pale.

Mimi nilichaguliwa kuwa mmoja wa waliofukiwa. Mwalimu aliniambia nikajibanze nyuma ya stoo ya mahindi, na ningejibanza pale leo nisingekuwa na la kukusimulia. Lakini nilikuwa mtoto mwenye kiherehere. Nilitaka kuwa wa mwisho kupatikana, wanitafute hadi wachoke, kisha nitokee kwa vifijo.

Upande wa bondeni wa shule wazazi walikuwa wamepanga tanuru la matofali ya kujengea darasa jipya. Kama hujawahi kuliona, ni matofali mabichi yaliyopangwa juu kwa juu mpaka yanampita mtu mzima kimo, na chini yameachwa mashimo marefu ya kuingizia magogo. Mashimo hayo huitwa midomo. Tanuru lilikuwa bado halijachomwa, linasubiri kuni, na juu lilifunikwa nyasi dhidi ya mvua. Nikaingia mdomo wa katikati, kichwa mbele, nikatambaa kwa tumbo.

Ndani kulikuwa na harufu ya udongo mbichi, harufu ambayo nikiisikia hadi leo natafuta mlango. Mabega yaligusa huku na huku. Nilitegemea kutokea upande wa pili, lakini upande wa pili ulikuwa umezibwa. Kugeuka haikuwezekana. Nikajaribu kurudi kinyumenyume, nyonga ikagonga tofali, tofali likatoka, na mengine mawili matatu yakalifuata. Hayakunivunja. Yalinikalia tu mguu wa kushoto, na mguu ukakataa kutoka.

Hapo bado sikuogopa. Nilijua wanakuja, na kweli wakaja. Nilisikia miguu kwenye majani, kisha kimya, kisha sauti ikaita jina langu.

Ilikuwa sauti ya jirani yangu wa dawati, msichana niliyekaa naye tangu darasa la kwanza. Leo nalijua hilo. Lakini ndani ya lile shimo sauti haikutoka mahali pamoja. Ilitoka kwenye matofali, ikatoka chini ya tumbo langu, nzito, kama ya mtu aliyekula udongo. Nilifungua kinywa kuitika. Nikamkumbuka bibi na ile fimbo ya kijitoni. Nikafunga kinywa, nikangoja aite tena.

Hakuita tena. Alikuwa mwanafunzi mzuri, kanuni ilikuwa mara moja. Niliwasikia wakihesabu kwa kunong'ona, na mimi nikahesabu nao, moja, mbili, tatu, nikijua kwamba baada ya kumi ataita. Ilipofika kumi nikasikia chaki ikikwaruza tofali, juu, kisha chini. Miguu ikaenda zake.

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Niliita "Abee!" nikaita tena na tena, lakini wakati huohuo mvua ikafika. Unaijua mvua ya kwetu, haitumi salamu, inatoka nyuma ya kilima na kukufikia usoni. Mabati ya shule yalilia yote kwa pamoja, na sauti yangu mimi mwenyewe sikuisikia.

Mtoto wa Kasulu hahitaji mwalimu wa kumweleza tofali bichi likinyeshewa linakuwa nini. Linarudi kuwa udongo. Nilikuwa nimebeba matofali hayo kichwani Jumamosi zote za kiangazi kile, nimeona yaliyosahaulika nje yakigeuka uji asubuhi. Na sasa nilikuwa nayo juu, chini, kulia na kushoto. Tone la kwanza lilinidondokea shingoni. Baadaye maji yakawa yanapita chini ya kidevu changu, mekundu, na nilipoinua kiganja kugusa tofali lililokuwa juu ya bega, vidole vilizama kama kwenye ugali.

Nilifanya yote niliyofundishwa. Mwalimu alisema usipige kelele ovyo, tunza pumzi, gonga kitu kigumu mara tatu. Nikachukua kipande cha tofali nikagonga tofali. Pwa, pwa, pwa. Udongo juu ya udongo, hata panya asingeshtuka. Nikalia. Nililia kwa hasira kuliko kwa woga, na hasira yote ilikuwa kwa bibi. Nilimchukia, nasema wazi. Nilimwona amekaa jikoni anakoroga maharage, amenifunga mdomo tangu huko jikoni kwake, na mimi nakufa kwa adabu. Kisha nikachoka kumchukia, nikamtaka tu aje.

Yaliyotokea nje niliyasikia baadaye. Wenzangu wawili walipatikana mapema. Mvua ilipoanza wote walikimbilia madarasani, mwalimu akahesabu, mmoja pungufu. Akahesabu tena. Akavua viatu na sweta zake, akatoka kwenye ile mvua iliyomtisha kila siku, akatafuta stoo, vyooni, kijitoni, kwenye migomba ya mwalimu mkuu. Kila penye msalaba wa chaki alipita mbio, kwa sababu penye msalaba palikuwa pameshatafutwa. Na ndani kidogo ya mdomo wa tanuru, mahali ambapo mvua haikufika, msalaba wangu ulikuwa unang'aa.

Mwishowe mtoto mmoja alitumwa kwa bibi, aulize kama nimerudi nyumbani. Bibi aliepua chungu, akakunja gunia akajifunika kichwani, akaja.

Wanasema alianzia getini na kwenda mahali hadi mahali, kila mahali akiita na kusimama, wala hakumsalimia mtu. Alipoelekea tanuruni mwalimu alimkimbilia.

"Shikamoo, bibi. Huko tumeshaangalia, kuna alama."

"Alama hiyo mimi sijui kuisoma," bibi akasema, akaendelea kutembea.

Mvua ilikuwa imepungua. Mimi nilikuwa nimelaza shavu kwenye tope, sikio moja limeshazibwa. Kwa sikio lililobaki nikasikia jina langu la nyumbani, jina ambalo halikuandikwa kwenye daftari lolote la shule, na ambalo hata hapa sitalitaja. Liliitwa mara moja.

Utanicheka. Tope lilikuwa linaniingia mdomoni, mguu sikuusikia tena, nilikuwa nimeomba sauti hiyo kwa machozi, na bado nikanyamaza. Nikangoja. Sijui nilingoja muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu kuliko mchana wote ule.

Akaita mara ya pili.

"Abee!" Nililipiga "abee" hilo hadi nikatapika udongo.

Wanaume waliitwa kutoka mashambani, wakatoa matofali moja moja kutokea juu, fundi wa tanuru akiwakataza wasivute kwa nguvu, na upande ule wa tanuru ulimomonyoka wote mara tu walipokwisha kunivuta. Kandambili yangu ya kushoto ilibaki humo. Bibi alinifuta uso kwa ncha ya kitenge chake, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria, kisha akanipiga kofi la mgongoni, kisha akanishika mkono na hakuuachia tena.

Mwalimu alipiga magoti kwenye matope mbele yangu.

"Tulipita hapa, mwanangu. Tulikuita. Hukutusikia?"

"Nilisikia, mwalimu."

"Sasa mbona hukuitika?"

Nikamtazama bibi, nikatazama chini. "Mliita mara moja."

Mwalimu hakuelewa. Watoto walioelewa waliziba midomo. Jirani yangu wa dawati akaanza kulia, kwa sababu yeye alikuwa Muha kama mimi, sheria hiyo hata kwao ilikuwapo, na alikuwa ameivunja ili afuate ya shuleni. Bibi ndiye aliyesema. Alisema polepole, akitafuta maneno ya Kiswahili, maana hakikuwa chepesi kwake.

"Mwalimu, kosa ni langu. Huyu nimemfundisha mimi. Mtu huita mara mbili. Wewe ni mgeni, hukuambiwa."

Sikuwahi kumsikia bibi akisema kosa ni lake, si kabla wala baada. Nilidhani mwalimu angekasirika au angecheka. Watu wa mbali walicheka mambo yetu, tulizoea. Lakini alisema, "Ahsante, bibi. Sasa nimeambiwa." Wiki iliyofuata aliingia darasani, akafuta kanuni ya kwanza ubaoni kwa mkono wa sweta, akaandika upya: ita mara mbili, kisha kimya, hesabu hadi kumi. Hata daftari la mahudhurio alianza kuliita mara mbili mbili, ikawa nusu ya kipindi inaishia kwenye majina, nasi tukafurahi. Na bibi naye, usiku wa siku ile ya tanuru, akinisugua mguu kwa mawese, aliniambia, "Mwalimu akiita, itika hata ya kwanza. Wengine wote, ya pili." Huo ndio ulikuwa mkataba.

Tanuru lilipangwa upya, likachomwa kiangazi. Kandambili yangu iliungulia humo, na matofali yakajenga lile darasa la mwisho, ambalo juzi watoto walisimama nyuma yake wakiita. Niliugusa ukuta wake nikiondoka. Siku hizi hakuna tena tanuru bondeni, madarasa mapya ni ya tofali za saruji zinazoletwa na lori. Mwalimu alihamishwa baada ya miaka miwili, akaenda na sweta zake, sikupata habari zake tena. Nyua za miti zimekuwa kuta, na jirani akikutaka anakupigia simu. Simu huita mara nyingi, lakini haitaji jina la mtu.

Bibi alizeekea kwangu. Nilimpeleka kliniki mara nyingi, na kila mara ilikuwa vita. Nesi anaita jina lake mara moja akiwa ndani, bibi anautazama mlango tu, na faili linarudishwa chini ya mafaili ya wengine. Nikawa nasimama mimi. "Sista, mwite tena, tafadhali." Anaitwa tena, na bibi anaitika kwa sauti ya msichana, anainuka na fimbo yake, ananikata jicho kana kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha.

Asubuhi moja nilimpelekea uji. Nilikuwa nje ya pazia la chumba chake, bakuli linaniunguza vidole, nikamwita. Akanyamaza. Sikushtuka, ndivyo alivyokuwa. Nikaliweka bakuli juu ya kigoda, nikaupuliza uji kidogo, nikatabasamu peke yangu.

Nikamwita mara ya pili. Kisha nikanyamaza, nikasikiliza, nikahesabu hadi kumi.